Fundi Swedi Aliyeogopa Kusifu

Katika Biryogo, mtaa wa Waswahili huko Rwanda, miaka ile, ukitaka suruali ambayo utachakaa wewe kabla yake, uliambiwa uende kwa Fundi Swedi, kichochoro cha pili nyuma ya msikiti. Ukitaka neno tamu, uliambiwa usijisumbue kwenda huko.

Si kwamba alikuwa mkali. Wanaosema Swedi Kalisa alikuwa mkali hawakumjua, na mimi nitabishana nao hadi kesho. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye tepe ya kupimia shingoni tangu alfajiri. Mkewe Mwamini alipenda kusimulia kwamba hata siku ya harusi yao ilibidi akumbushwe kuivua. Babu yake alitoka pande za Bagamoyo na marobota ya nguo, akaoa mwanamke wa Rwanda, akasahau njia ya kurudi. Kwa babu huyo Swedi alirithi Kiswahili cha nyumbani na ufundi wa cherehani. Hofu yake moja, ambayo nitaifikia, aliipata mwenyewe.

Ubaya wake ulikuwa huo tu: hakusifu. Kazi ikiwa na kasoro alikuonyesha kasoro kwa kidole, taratibu, kisha akakurudishia. Kazi ikiwa nzuri aliikunja, akaiweka rafuni, basi. Ukimuuliza mbona hasemi neno, alikujibu, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake yote ya kuongoza watu, na aliimaliza akajipa cheti.

Chini yake walikuwapo mafundi wawili. Nzeyimana alikuwa mtu wa suruali, mzee wa Gitarama mwenye redio ndogo na maneno machache, na alikuwa amekaa pale miaka kumi na minne. Mukandekezi alikuja mwaka wa sabini na tatu, binti wa miaka kumi na tisa kutoka vilima vya Bugesera. Alikuwa amefundishwa sindano na masista, na Kiswahili alichokijua kilikuwa "maji" na "karibu". Sasa ulikuwa mwaka wa themanini na nne. Alikuwa na mume na watoto watatu, na duka lile lilikuwa limesimama juu ya mikono yake. Wakubwa wa wizara za Kacyiru waliacha magari yao barabarani juu, kwa sababu kichochoro kilikuwa chembamba, wakashuka kwa miguu wakikwepa maji ya kufulia ili wapimwe koti litakaloshonwa na Mukandekezi.

Swedi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa na njia mbili za kumheshimu fundi, na zote mbili zilikuwa moyoni mwake tu. Ya kwanza, aliacha kumkagua. Nguo ya Nzeyimana aliigeuza ndani nje, akavuta mishono, akaiinua kwenye mwanga. Ya Mukandekezi aliipokea na kuikunja bila kuitazama, tangu mwaka wa tatu, na kwake yeye huo ulikuwa uwaziri kamili. Ya pili, kitambaa kigumu alimpa yeye. Hariri inayoteleza, mteja mwenye bega moja chini, kanzu ya mtu aliyenona katikati ya vipimo viwili, vyote vilikwenda kwenye mashine iliyo kando ya mlango.

Sasa jiweke mahali pa Mukandekezi. Unamwona bosi anashinda akitazama kazi ya mwenzako, yako hata jicho haitupii. Mwenzako anapewa kaki laini ya shule, wewe unapewa maumivu ya kichwa. Mwaka wa kwanza unavumilia, wa pili unajiuliza umekosa nini. Wa kumi na moja unaacha kujiuliza.

Hapo ndipo alipokuja mwanamke mmoja mnene, mchangamfu, jina lake Mukabalisa, aliyekuwa amefungua duka la magauni huko Gisimenti, ng'ambo ya mji. Alifuata gauni lake la kitenge. Alipopewa, aliligeuza ndani nje palepale mlangoni, akapiga yowe.

"Yoo! Nani ameshona hii? Ndani iko safi kama nje! Ni wewe, mama? Mikono yako iko na baraka!" Akaapa kwa yule aliyempa ng'ombe, kama wanavyoapa Wanyarwanda wakimaanisha.

Mukandekezi aliinamisha kichwa, na shingo yake yote ikachanua kwa furaha. Alipoinua macho alimwona Swedi kule pembeni, uso umekunjamana, midomo inatetemeka. Akajua: ni wivu. Maskini, hakujua kwamba mzee alikuwa anamsomea Kul audhu, mbio mbio, kumkinga na jicho.

Wiki ile haikuisha kabla Mukabalisa hajamwita akashone kwake. Jumatatu asubuhi Mukandekezi alisimama mbele ya meza ya kukatia.

"Fundi, mimi iko naacha kazi. Ijumaa ni siku yangu ya mwisho. Wiki inayokuja niko Gisimenti, kwa Madamu Mukabalisa."

"Haya," alisema Swedi.

Haya! Kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha. Lakini mchana ule alishona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia, kosa ambalo hakulifanya tangu alipokuwa mwanafunzi wa baba yake. Binti yake wa pekee, Zaina, alikuwa ameolewa Bujumbura. Miaka yote hiyo, aliposikia ile mashine ya mlangoni ikianza kulia saa moja asubuhi, ndipo alipohisi nyumba yake ina watu. Alimpenda Mukandekezi kama mtoto wake. Hofu ya kubaki bila yeye aliificha, na hakuna aliyeiona.

Jumanne alijaribu kumzuia. Alijaribu kwa namna aliyoijua, ndiyo maana nasema Mungu amrehemu. Ilikuwa imeletwa mahameli ya kijani ya bibi harusi wa Nyamirambo, nguo inayotakiwa Alhamisi jioni. Na mahameli, kwa asiyejua, ni mtihani: ukikosea mshono tundu la sindano halifutiki, na kitambaa kinatambaa chenyewe chini ya mguu wa cherehani. Swedi aliichukua kwa mikono miwili, akampelekea kama mtu anayetoa pete.

Mukandekezi aliitazama mahameli, kisha akamtazama yeye. "Hata wiki yangu ya mwisho, fundi?"

Swedi alifungua kinywa. Alitaka kusema: hakuna mwingine mjini hapa ninayeweza kumwamini nayo. Yaliyotoka yalikuwa haya: "Usiipige pasi kwa mbele."

"Najua," alisema Mukandekezi.

Alijua kabla hujamwambia, mzee! Basi.

Mchana Swedi alikwenda nyumbani kula, akachezea maharage kwenye sahani hadi Mwamini akachoka.

"Baba Zaina, huyo binti anaondoka kwa sababu yako."

"Kafuata mshahara."

"Umemuuliza?"

Swedi akakimbilia kwa mgema wake. "Mgema akisifiwa..."

"Tembo hulitia maji, tumesikia. Na asiposifiwa? Huenda kugema mnazi wa jirani. Chanda chema huvikwa pete, mume wangu. Wewe chako unakivika mahameli na kukiambia kisipige pasi. Kesho kamuulize."

Akamuuliza. Ilimchukua Jumatano nzima kupata ujasiri, na aliuliza huku amempa mgongo, anapanga vifungo ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

"Ni mshahara, Mukandekezi?"

Mashine ya mlangoni ikanyamaza. "Oya, fundi. Hapana ni franga." Alifikiri kidogo, akitafuta Kiswahili cha kutosha. "Kwetu Bugesera, baba yangu alikuwa na ng'ombe wanne tu. Kila jioni wakirudi, alisimama pale mlangoni, akawasifu mmoja mmoja. Huyu pembe zake iko namna hii, huyu anatembea namna hii. Kila jioni, fundi! Ng'ombe walisimama, walisikia. Mimi nimekaa hapa miaka kumi na moja. Sijapata hata sifa ya ng'ombe."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira Swedi angepata la kujibu. Aliyasema kama mtu anayetaja njaa iliyokwisha kupita, kisha akakanyaga pedali, mashine ikaendelea. Nzeyimana aliinama juu ya suruali yake, akawa mwekundu masikio, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Alhamisi mchana Swedi hakugusa chakula kabisa. Mwamini aliondoa sahani, akaketi mkekani karibu naye.

"Ni Mwanaidi, siyo?" alisema.

Ilikuwa Mwanaidi. Swedi alikuwa na miaka tisa, na Mwanaidi, dada yake mdogo, minne. Katika harusi moja ya mtaani mgeni alimshika Mwanaidi nywele, nywele nyingi nyeusi zilizosukwa vizuri, akasema kwa sauti kuwa hajapata kuona mtoto mzuri kama huyu. Na Swedi, kwa kujivuna, akadakia: ndiyo, hakuna kama yeye mji mzima. Jioni ile mtoto akashikwa na homa. Siku ya tatu walimzika. Mama yao alilia akisema ni jicho, ni vinywa vya watu. Hakumtaja Swedi, lakini Swedi alijua kinywa chake kilichosema. Tangu siku hiyo kila alichokipenda alikifunika kwa ukimya, kama mtu anayefunika maziwa nzi wasiingie. Zaina mwenyewe aliolewa bila kusikia baba yake akisema ni mzuri.

"Mwaka ule walikufa watoto wangapi pale mtaani?" Mwamini aliuliza polepole. "Nami nilikuwapo. Mdogo wangu alikufa. Mtoto wa kinyozi alikufa. Pacha wa Bi Tausi walikufa wote wawili. Nani aliwasifu hao? Ilikuwa mvua nyingi, na mbu, na homa, Baba Zaina."

Swedi hakuwa amewahi kuwahesabu hao wengine. Mtoto akifiwa huhesabu wake tu.

"Na kama unaogopa bado," mkewe akaongeza, "si kuna Mashaallah? Mungu ametupa ngao, wewe unakaa ndani unahesabu mikuki."

Kabla ya magharibi, Mukandekezi alikata uzi wa mwisho wa ile mahameli, akaileta mezani. Swedi hakuikunja. Aliigeuza ndani nje. Mukandekezi akakakamaa.

"Leo unakagua?"

"Sikagui," alisema Swedi. "Natazama."

Akatazama kwa muda. Alifuata mshono mmoja kwa kidole hadi mwisho wake. Kisha akaanza, na alianza kwa ngao.

"Mashaallah. Tabaraka Allah. Mukandekezi, mwaka uliokuja, ulishona shati la mistari la yule mwalimu mrefu. Mistari ya mfukoni ilikutana na mistari ya kifuani, hata mfuko hauonekani. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Nilijua siku ile kwamba nimepata fundi wa kunizidi."

Mukandekezi aliinua macho kutoka kwenye mahameli.

"Mwaka wa sabini na nane, koti la yule bwana wa Kacyiru, mwenye bega la kulia chini. Nilikwenda huko kwa miguu. Nilisimama nje ya wizara kama mtu mwenye mashtaka, mpaka akatoka. Mabega yalikuwa sawa. Nikarudi kwa miguu, sikuhisi kilima. Na kanzu zako. Kila Ijumaa natafuta safu iliyo nyuma ya mtu aliyevaa kanzu yako. Akirukuu, natazama mgongo. Mshono hauvuti. Mungu anisamehe, miaka kumi nimeswali nyuma ya mishono yako. Kazi yako sikuikagua kwa sababu anakaguliwa anayekosea. Vitambaa vigumu nilikupa kwa sababu vingeharibika kwa mtu mwingine, na kwangu pia vingeharibika. Hii mahameli... hii mahameli ningeishona mimi, bibi harusi angelia. Nilipaswa kukuambia. Nilikuwa naogopa."

Hakusema anaogopa nini. Nzeyimana alikuwa amezima redio.

Mukandekezi aliziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalimshuka juu ya vidole. "Na unaniambia leo," alisema. "Leo, fundi!" Akachukua mfuko wake wa kitenge, akatoka, bila kusema anakaa wala anakwenda.

Ijumaa saa moja asubuhi mashine ya mlangoni haikulia. Miaka kumi na moja yeye ndiye aliyekuwa akifika wa kwanza, hata mvua ya masika haikumchelewesha. Saa mbili zikapita. Saa tatu. Swedi alijaribu kutunga uzi kwenye sindano akashindwa, akajaribu tena akashindwa, akaiweka.

"Ameenda Gisimenti tu, fundi," alisema Nzeyimana. "Jana ndiyo alikuaga."

"Alisema Ijumaa siku ya mwisho. Ijumaa ni leo. Hajapata kukosa siku." Swedi alisimama, akakaa, akasimama. Alikuwa amemsifu hadharani, jina lake na kazi ya mikono yake, kila kitu, bila kubakiza. Alimwona amelala na homa, watoto watatu wamemzunguka. Alimwona na nywele za Mwanaidi. Kisha Nzeyimana, ambaye kwa miaka kumi na minne hakuwahi kumsikia akiomba kitu kwa sauti, alimsikia akisema, "Ya Rabi, awe Gisimenti. Awe huko maisha yake yote, ashone kwa mwingine, asirudi hapa, nisimwone tena. Lakini awe mzima."

Kwa maneno hayo mimi nilimsamehe Swedi methali zake zote.

Ilipokaribia saa nne alikuwa mlangoni, amevaa viatu vya kutokea, anataka kwenda kumtafuta nyumbani kwake. Mukandekezi akatokea kwenye kona ya kichochoro, anahema, kitenge kimechafuka vumbi.

"Unaumwa?"

"Oya."

"Mtoto anaumwa?"

"Oya, fundi, wote wazima. Nimetoka Gisimenti. Nilienda kumwambia Madamu kwa mdomo wangu, hapana vizuri kumwachia mtu neno njiani. Kurudi sikupata gari, nimetembea mpaka mjini."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia aniwie radhi. Kazi yangu iko Biryogo."

Swedi aliwapa mgongo, akashika rafu ya nguo kwa mikono yote miwili, akalia. Alilia kama wanavyolia watu wasio na mazoea, kwa sauti mbaya, mabega yanaruka. Mukandekezi aliogopa, akamsogelea, akamuuliza kulikoni. Ndipo Swedi akamwambia: kwamba alikuwa na dada, kwamba alimsifu, kwamba alikufa. Kwamba tangu jana jioni alidhani amemuua na yeye.

Mukandekezi alisikiliza hadi mwisho. Miaka kumi na moja ilikuwa inajipanga upya kichwani mwake, kitambaa kimoja kimoja, Jumatatu moja moja. Kisha akainama mbele ya yule mzee, akamletea paji la uso, kama mtoto.

"Gusa hapa. Iko homa?"

Swedi alisita. Akamgusa kwa nyuma ya kidole. Paji lilikuwa na vumbi, na jasho la kutembea.

"Hakuna," alisema.

"Basi sema tena."

Akasema tena. Alisema kidogo, sauti imekauka, lakini alisema akimtazama usoni, na alipomaliza alisubiri kidogo, na dunia haikuanguka. Mukandekezi akacheka na kulia kwa pamoja, akaketi kwenye mashine ya mlangoni, akaanza kutafuta uzi.

Nyuma yao mtu akakohoa. Alikuwa Nzeyimana, mikono juu ya magoti, masikio mekundu kama ya juzi.

"Na mimi, fundi?" alisema. "Suruali miaka kumi na minne. Mimi nimezeeka, jicho siliogopi. Sema tu."

Swedi alijifuta macho kwa mkono wa kanzu. Akavuta kigoda hadi kwenye mashine ya suruali, akakaa. "Mashaallah," alianza, na Nzeyimana, mtu mzima mwenye wajukuu, akaondoa miguu kwenye pedali asije akakosa hata neno moja.